Boriti ya Mnazi

Makofi mawili, pa! pa!, makavu kama ubao kwa ubao. Juzi hapa Ukunda mama mmoja wa chapati alikuwa akikung'uta unga mikononi, akayapiga vile vile, nami nikajikuta nimesimama wima katikati ya njia, tumbo nimelivuta ndani, kidevu juu. Mwenye bodaboda akapiga honi. "Dada, unasubiri kupigwa picha?" Nikacheka, nikampisha. Lakini tumbo, ndugu yangu, halikulegea mpaka nilipofika nyumbani.

Makofi yale yalikuwa ya mwalimu wetu Mrusi, na maana yake ilikuwa moja tu: rudia.

Aliishi kwetu Tiwi, katika nyumba ya makuti aliyoachiwa na mumewe. Mguu wake mmoja ulikuwa mgumu, haukunjiki vizuri. Sisi watoto tulimwona ufuoni asubuhi, mama mtu mzima, amesimama kwa mikono na miguu iko juu, tukawa twamwiga kwa kumcheka. Hakukasirika. Alitutazama kama mtu achaguaye nyanya sokoni, akawarudisha wengine makwao kwa kidole, akabakisha wawili: mimi, na mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa mdogo kwangu na mwembamba kama ufito.

Alitufunza jimnastiki, ile sarakasi ya kuruka na kupinduka juu ya boriti nyembamba, na boriti yetu ilikuwa shina la mnazi ulioanguka. Fundi alilichonga juu likawa bapa, upana wa kiganja, tukalilaza juu ya mawe. Lilikuwa likiparuza, nyuzi zake zikichoma nyayo, na mchanga haukuliishia. Hapo ndipo tulipotembea, tukaruka, tukapinduka kila siku tukitoka shule. Ukiyumba, pa! pa! Ukilia, pa! pa! Siku nilipotokwa damu mguuni aliutazama mguu, kisha akaitazama boriti. "Umeichafua," akasema.

Na njaa! Bibi yangu aliyenilea alikuwa na mkono wa mapishi. Mahamri yake yalinukia iliki toka njiani, na mbaazi zake za nazi ungelamba sahani mpaka maua yake yafutike. Mimi nilikuwa nikizipeleka kwa paka nikijifanya nimeshiba. Mwalimu alinibana kiuno kwa vidole viwili kila jioni, kama mnunuzi wa samaki asiyemwamini mvuvi.

"Hii ni nini?"

"Ni mwili, mwalimu."

"Hii ni mahamri. Mahamri hayaruki."

Mtoto wa jirani alicheka mpaka akakaa chini. Njiani akanitania, "Dada, siku utakayoanguka wewe, boriti ndiyo itakayolia." Nikamkimbiza, tukacheka wote. Tulipendana, ingawa tulijua safari ni ya mmoja. Mashindano ya kanda yangefanyika katika ukumbi wa shule moja Ukunda, kisha mwalimu angechagua mmoja wetu kwenda Nairobi, kwenye mashindano ya taifa. Mimi nilikwisha kwenda, kichwani mwangu. Nilikwisha kuuona ukumbi wenyewe na taa zake. Nilikwisha hata kupunga mkono.

Tukipumzika, mwalimu alitusimulia mashindano yake mwenyewe. Hakusimulia kwa huzuni. Alisimulia kama mtu anayekuelekeza namna ya kupika. Alichukuliwa kwa mamake akiwa na miaka mitano, akapelekwa mji wa theluji, akalala bwenini na wasichana wengine wa sarakasi ile. Walipimwa uzito kila asubuhi, na aliyeongezeka alizungushwa ukumbi mbio hadi atapike. Alishinda nishani akiwa bado na meno ya utotoni, picha yake ikatoka gazetini. Kisha akarefuka, nyonga zikaja, na mwalimu wake akaacha kumwita kwa jina. Katika mashindano yake ya mwisho alivunjika mguu alipotua kutoka hewani. Mwalimu wake akamnong'oneza: bado boriti, panda, maliza. Akapanda, akamaliza, akawatabasamia waamuzi. Timu ikashinda.

"Na wewe ukapata nini?" nikamuuliza.

"Plasta," akasema. "Haijakauka, kitandani kwangu kalala mwingine."

Mtoto wa jirani akaangua kilio. Mwalimu hata hakugeuka. Pa! pa!

Asubuhi ya mashindano, bibi aliniita uani. Kwetu mtoto hatolewi mbele za watu akiwa mkavu. "Mjukuu wangu aende Ukunda na miguu ya majivu, watu waseme halelewi?" Akachukua mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, akayasomea dua, akanipaka mikono, akanipaka miguu, na kwa mapenzi yake akanisugua mpaka nyayo na katikati ya vidole. Alinipaka polepole, akiniombea kila kiungo kwa jina lake. Ningemwambiaje aache?

Nilivaa viatu, nikaenda. Na wallahi sikuwaza. Kwenye mnazi wetu mafuta hayangekuwa kitu, mchanga ungeyala. Lakini kule ukumbini boriti ilikuwa ya kweli, imevishwa ngozi laini, safi, haina hata chembe.

Mwalimu alitupatia vazi lake la ujana, jekundu, la mikono mirefu. Lilikuwa moja, tukapokezana. Mtoto wa jirani alitangulia, akafanya vizuri, akalivua, nikalivaa likiwa bado na joto lake, juu ya suruali ya kubana aliyoishurutisha bibi. Nikapanda. Hatua za kwanza nilihisi nyayo zikitembea zenyewe. Niliporuka, boriti ikaniponyoka. Mguu ulitangulia chini nao ukapinda, nikausikia ukilia ndani.

Mwalimu akainama. Akaushika wayo wangu, akanusa kidole chake.

"Nazi. Nani kakupaka?"

Nikamwona bibi uani, midomo yake ikicheza kwa dua.

"Nimejipaka mwenyewe."

"Mjinga," akasema, taratibu kabisa. Akanifuta nyayo kwa kitambaa chake, kwa nguvu, na ule uliovunjika akaufuta kwa nguvu ile ile. "Panda. Maliza."

Nilipanda. Sijui nilimalizaje. Najua nilitabasamu, maana watu walipiga makofi, na niliposhuka kumtafuta mwalimu, alikuwa amenipa mgongo, anamfunga mtoto wa jirani nywele.

Nilifungwa plasta Msambweni. Bibi alipouona mguu alilia, kisha akashukuru. "Ni yale mafuta niliyoyasomea. Bila hayo ungevunjika shingo."

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Ni mafuta." Na hakujua mpaka alipotangulia mbele ya haki.

Leo ule ufuo una ukuta, na mlinzi wa kukuuliza waenda wapi. Mnazi uliliwa na mchwa. Mwalimu aliondoka bila kuaga, na nyumba yake imekuwa ya wageni. Mtoto wa jirani alikwenda Nairobi, akarudi, akarefuka, na mwalimu akaacha kumwita kwa jina naye pia. Hakuna hata kimoja ningekitaka kirudi, na bado, nisikufiche, nakionea kiu. Tulikuwa wadogo na tuliruka kweli.

Siku moja kabla ya safari yake, mtoto wa jirani alisimama mlangoni, haingii. "Dada, mwalimu anataka lile vazi ulilobaki nalo." Nikamwambia arudi baada ya alasiri. Bibi alikuwa msibani. Nikakaa kizingitini, mguu wa plasta nimeunyoosha, nikalitandaza pajani. Lilikuwa limechanika kwapani nilipoanguka. Nikashona kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo, nikaigeuza ndani isije ikamchuna. Kisha nikakumbuka lilivyokuwa likimpwaya, nikalipunguza kiuno.