Vidole Viwili vya Shemeji

Msimamizi wa karakana yetu ya madawati ni mwanamke mfupi ambaye hajawahi kumfokea mtu. Mafundi wote humwita Dada, hata waliomzidi umri. Aliyemtangulia alikuwa mtu wa matangazo: alibandika ukutani karatasi kumi na moja za maonyo kuhusu msumeno wa umeme. Mafundi walizisoma kwa makini, kisha wakafungua kinga, kile kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya meno ya msumeno, kwa sababu inachelewesha kazi.

Dada alizibandua zote. Siku yake ya kwanza alikaa juu ya rundo la mbao akasimulia jinsi mumewe alivyofungua kinga mara moja tu, dakika mbili, amalizie ubao mmoja. Vidole viwili vikaenda. Kimoja kilipatikana siku ya tatu kwenye vumbi la mbao, pete ikiwa bado imo. Akaeleza alivyolazimika kumfungia vifungo vya shati kila asubuhi, mwanaume mzima, macho kayaelekeza darini.

Kwa miaka minne kinga haikuguswa. Mafundi kumi na wawili, vidole mia moja na ishirini, hakuna kilichopungua.

Jumanne iliyopita Dada alisahau miwani nyumbani, mumewe akaileta. Ni fundi cherehani, mpole, mwenye haraka ya kurudi kwa wateja wake. Mpasuaji mbao wetu, tunayemwita Mtani, alimpokea mlangoni.

"Shemeji! Lete mkono."

Akapewa. Hakuuachia.

"Na wa pili, shemeji, usiwe mchoyo."

Vidole kumi. Msumeno ukazimwa. Dada alikuwa akipima ubao. Akaendelea kuupima uleule.

"Dada, hivi vimeota tena?" Mtani akauliza, akirudi kwenye msumeno. Mkono wake ulishafika kwenye skrubu ya kinga.

"Kwani kuna nini?" shemeji akashangaa.

"Tuliambiwa msumeno ulikupunguzia viwili."

Shemeji alimtazama mkewe, kisha msumeno, kisha ule mkono kwenye skrubu. Wameoana miaka ishirini na sita.

"Huyo si mimi," akasema taratibu. "Ni mume wake wa kwanza. Hapendi kumtaja. Na mimi nitashukuru msipomtaja."

Watu wazima wakaangalia viatu vyao. Mtani alikaza skrubu mpaka ikalia, akaomba radhi mara tatu.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Dada mwenyewe, kwa hiyo yapokee utakavyo. Jioni alimpakulia mumewe minofu ya kutosha. Akala nusu. Kisha:

"Alikuwa mrefu?"

"Nani?"

"Huyo wa kwanza."

"Baba watoto! Si umemzua wewe mwenyewe leo saa nne?"

"Najua. Nauliza tu. Alikuwa mrefu?"

Dada akafikiri kidogo.

"Kiasi."

Shemeji akasukuma sahani, akaenda kulala saa moja ya jioni.