Fundi Asiyemtuma Mtu Uzi

Fundi wetu wa nguo hapa Donholm ana mikono myepesi na mdomo mzito. Ukimpelekea suruali atausugua upindo kwa kidole gumba, atakohoa, kisha aseme, "Kesho kutwa," hata kama ni kazi ya dakika kumi. Hilo tumelizoea. Tunachomchekea ni uzi. Ukimwishia, hamtumi mtu. Anamwacha mteja amesimama na pini kiunoni, anavuka barabara mwenyewe hadi dukani, tena kinyumenyume, macho kibandani kwake, mpaka akina mama wa mboga wamezoea kumwondolea ndoo njiani.

Jumamosi zamu ya pini ilikuwa yangu. Uzi mweusi ukaisha. Binti yake Muthoki, ambaye sasa yuko kidato cha pili na amemshinda kwa urefu, akainuka. "Baba, wacha niende."

"Kaa hapo."

"Fundi," nikamtania, "huyu sasa hata akiibwa, watamrudisha wenyewe."

Maneno yalinitoka kabla sijakumbuka. Muthoki alikuwa na miaka sita babake alipomtuma uzi mweusi, ili yeye asimwache mteja amesimama. Aliingizwa kwenye gari hapo barabarani, akapatikana siku ya tatu, mtaa mwingine kabisa, Dandora.

Fundi alichukua pesa za uzi. Alitoka kinyumenyume, futi ya kupimia shingoni. Muthoki akasimama mlangoni akainua mkono ili aonekane, akauacha juu. Ulipochoka akainua wa pili, mpaka babake aliporudi na uzi.