Msomaji wa Fundi Viatu

Baba alikuwa fundi viatu siku tano za wiki, na siku ya sita alikuwa mhubiri. Jumapili alikaa kanisani kama watu wengine, kiti cha nyuma, na mara nyingi alisinzia. Mama akimsema, alijibu kwamba waliomo ndani wamekuja kwa miguu yao wenyewe, hawana haja ya kelele zake. Wa kuitwa walikuwa nje.

Mahali pake palikuwa konani, kati ya posta na duka la magodoro. Jumamosi saa nne asubuhi alisogeza kando sanduku lake la kazi, akanawa mikono kwa sabuni ya kufulia ingawa rangi ya viatu haikutoka kwenye kucha, akavaa koti lake la kahawia, tukaondoka. Mimi nilikuwa msomaji wake. Wahubiri wengi wa barabarani wana msomaji. Mmoja anashika Kitabu na kusoma maneno manne matano, mwenzake anayadaka, anayarudia kwa sauti ya juu, anayafafanua, kisha anasema, "Soma hapo." Baba aliyasema maneno hayo mara nyingi mpaka mtaa mzima ukamwita Soma-Hapo. Hata walioleta viatu walimwambia, "Soma-Hapo, kisigino hiki kimelegea," naye aliitika bila kinyongo.

Kwa kuwa kila mhubiri ana msomaji, hakuna aliyejiuliza kwa nini baba naye anaye. Baba hakujua kusoma. Tuliojua hivyo tulikuwa wawili tu, mama na mimi.

Jioni, baada ya kula, nilimsomea sura moja. Akipata mahali palipomgusa, alisema nirudie, halafu nirudie tena, mpaka akapashika. Kisha alichukua mabaki ya kazi yake, akakata kipande chembamba, akakiweka kwenye ukurasa ule. Ngozi nyekundu iliyotoka kwenye mkoba wa mwanamke ilikuwa habari ya mwana aliyerudi nyumbani. Turubai ya buluu ilikuwa ya mpanzi. Mpira mwembamba wa soli ulikuwa dhoruba ziwani. Pale konani, mbele ya watu, aliyefungua Kitabu alikuwa yeye. Kidole chake kilipapasa ukingo wa kurasa, kikakuta kipande alichokitaka, akafungua papo hapo bila kupekua, akanikabidhi. "Mzee huyu kitabu chote anacho kichwani," watu walinong'ona, na hawakukosea sana.

Vipande vyake vilikuwa kumi na tisa. Cha ishirini kilikuwa changu. Viatu vyangu vya kwanza vya shule viliponibana, baba alivifumua ili apate ngozi, akanipa ukanda mmoja mweusi wenye matundu ya bizimu. "Chagua pako, mama," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, mama. Nilikuwa na miaka tisa. Nilichagua ukurasa, nikauweka ukanda, naye hakuuliza nimechagua nini.

Sitaki kusema kwamba watu walitusikiliza. Wachache walisimama. Wengine walipita wakicheka, na wapo waliotuchukia hasa. Mwanamume mmoja aliwahi kutema mate juu ya ukurasa nikiwa katikati ya sentensi. Baba aliyafuta kwa mkono wa koti, akasema, "Soma hapo." Lakini aliyetuandama kila Jumamosi alikuwa muuza magodoro. Umati wetu, hata ukiwa mdogo, ulimzibia mlango.

"Mzee, Mungu si kiziwi," alipiga kelele kutoka dukani.

"Sisemi naye, ndugu yangu. Nasema na wewe."

"Basi mimi si kiziwi pia. Na hao wasikilizaji wako waambie wanunue godoro, wakusikilize wamelala."

"Wamelala tayari. Ndiyo maana nawapigia kelele."

Watu walicheka, na baba alicheka nao. Muuza magodoro hakucheka. Alirudi ndani akafungulia redio mpaka mwisho.

Nilipofika kidato cha nne nilianza kuona aibu. Wenzangu shuleni waliniuliza kama mbinguni nako nitakuwa msomaji au nitapandishwa cheo. Jumamosi moja, rafiki zangu wawili, waliohamia karibuni na wasiojua baba yangu ni nani, walipanga tukapige picha ya kumbukumbu studio, na mmoja aliniazima blauzi yake nyeupe. Asubuhi ile nilimwambia baba, "Leo siwezi kwenda. Tuna mtihani."

Alikuwa anafunga kifungo cha koti. "Jumamosi?"

"Ndiyo, baba. Wa majaribio."

"Nenda, mama. Mtihani kwanza. Mimi nitajikokota."

Sikuwaza kwamba ataenda kweli peke yake. Wala sikuwaza kwamba studio ile iko ghorofani, upande wa pili wa barabara, na dirisha lake linatazama kona yetu.

Nilimwona tukiwa tunasubiri zamu. Alikuwa amesimama mahali pake, Kitabu mkononi, anakifungua kwenye vipande vyake mwenyewe na kutoa maneno kutoka kichwani, macho yakiwa kwenye ukurasa kama anayesoma. Alikuwa akifanya vizuri. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Labda hilo ndilo lililomkera muuza magodoro, maana alitoka na ndoo ya maji, akayamwaga kwenye kibaraza cha duka kama anayeosha, na kumwambia baba asogee. Baba hakusogea upesi. Yule bwana akamsukuma begani, Kitabu kikaanguka kifudifudi kwenye maji, vipande vikatawanyika.

Baba alipiga magoti akavikusanya kimoja kimoja. Alivifuta kwenye suruali. Kisha akafanya kosa ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Badala ya kuvitia mfukoni na kuendelea kwa kichwa, alivirudisha kwenye Kitabu, hapa kimoja, pale kimoja, kwa kukisia unene wa kurasa. Akasimama. Akafungua kwenye ngozi nyekundu, akaweka kidole, akaanza habari ya mwana aliyerudi nyumbani.

Dirisha lilikuwa wazi, na barabara ile si pana. Nilisikia kila neno.

Muuza magodoro aliinama juu ya ukurasa. "Mzee, mbona hapa ni orodha ya majina ya watu?"

Baba alisogeza kidole chini kidogo.

"Na hapo pia ni majina. Hebu nisomee hili. Moja tu."

Baba aligeuza kichwa. Nilimwona akitazama pembeni yake, upande wa kushoto, mahali nilipozoea kusimama.

"Jamani," yule bwana alisema, si kwa sauti kubwa hata, kama mtu aliyeshangaa mwenyewe. "Soma-Hapo hajui kusoma."

Kicheko kilianza mbele kikaenda nyuma. Rafiki yangu alikuja dirishani. "Yule si fundi viatu?"

"Ndiye," nilisema. "Ndiye anayenitengenezea viatu."

"Zamu yenu," mpiga picha akatuita. "Dada wa katikati, tazama huku."

Nikatazama kule. Picha ninayo mpaka leo. Wenzangu wanacheka, na mimi nimetoa macho kama niliyemulikwa na taa.

Baba alirudi nyumbani saa saba. Alitundika koti, akafunga Kitabu kwenye kitambaa, akakiweka juu ya kabati. Aliniuliza swali moja tu. "Mtihani umeendaje?"

"Vizuri, baba."

"Vizuri," alisema naye.

Hakwenda tena konani. Sijui kama aliniona dirishani, na sikuwahi kuuliza. Alishona viatu, watu wakaendelea kumwita Soma-Hapo, sasa kwa maana nyingine, naye akaendelea kuitika. Nilikwenda chuo, nikawa mwalimu. Likizo moja nilijikaza nikamwambia, "Baba, nikufundishe herufi?" Alinionyesha kiganja chake. "Mkono huu umeshaoa nyundo, mama. Utaniletea ugomvi." Nikamwambia basi nimsomee. Alisema nina kazi nyingi, nipumzike.

Mwaka jana alifariki. Siku ya tatu ya msiba, nyumba ikiwa imejaa, nilipanda kwenye kiti nikakishusha kile Kitabu. Kurasa zilikuwa zimejikunja kwa maji ya siku ile. Nilifungua kwenye ngozi nyekundu nikitegemea orodha ya majina, nikaikuta habari ya mwana aliyerudi nyumbani. Nikafungua kwenye turubai ya buluu, nikamkuta mpanzi. Kila kipande chake kilikuwa mahali pake, kimegandishwa kwa gundi ya viatu kisianguke tena.

Nilimwuliza mama nani aliyevirudisha. Alikuwa anakunja nguo. "Mwulize mwenye magodoro," alisema. "Yuko nje pale, tangu juzi haondoki."

Alikuwa amezeeka vibaya. Alikaa kwenye benchi, fimbo kati ya magoti, na niliposimama mbele yake aliinuka nusu, akaketi tena.

"Nilimpelekea viatu," alisema. "Miaka mingi imepita sasa. Nilidhani atanifukuza. Akavishona, akavipaka rangi, nilipotaka kuondoka akaniambia kaa. Akakitoa hicho. Akasema, 'Mji mzima huu, wewe ndiye mtu pekee nisiyekuwa na cha kukuficha. Nisaidie.'"

"Hakuniambia mimi," nilisema. Sijui kwa nini nilimwambia yeye.

"Nilimwuliza. Nilisema, si una binti mwalimu? Akasema ulikuwa umechoka tangu zamani, naye hakuligundua mapema." Aligeuza fimbo mkononi. "Basi yeye anasema maneno, mimi natafuta. Mimi hata sikujua kitabu chenyewe kinaanzia wapi. Alasiri nyingi, binti yangu. Nilimwambia arudi konani, nimsomee mimi, nilipe niliyoyafanya. Alinicheka. Alisema sauti yangu ni ya kuuzia magodoro."

Nilicheka, nikaona aibu kucheka msibani, kisha nikaketi kando yake.

"Kimoja kilibaki," alisema. "Cheusi. Nilimwambia, na hiki tukiweke wapi? Akasema hicho tukiache. Akasema, 'Hicho ni cha msomaji wangu. Mahali pake anapajua mwenyewe.'"

Ukanda ulikuwa kwenye mfuko wa ndani wa jalada, na matundu yake matatu ya bizimu. Niliushika kwenye mwanga wa mlango. Nilijaribu kukumbuka jioni ile, taa, meza, baba akisubiri nimalize kuchagua. Nilikumbuka jinsi viatu vile vilivyonibana kidole gumba. Ukurasa sikuukumbuka.

Muuza magodoro alikuwa ananitazama. "Unapajua?" aliniuliza.

"Ndiyo," nilimwambia. Lilikuwa jibu rahisi, kama lile la mtihani.

Tangu mazishi nimekuwa nikisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, sura moja kila jioni baada ya kula, kwa sauti, kama nilivyomsomea. Kila ninapofika mwisho wa sura nauweka ukanda pale, natulia kidogo, nasikiliza kama kuna kitu ndani yangu kitapatambua. Bado. Nauondoa, naendelea.