Makiwa kwa Timu Iliyokuwa Bado Hai

Alhamisi asubuhi simu yangu ililia kabla sijamaliza chai. Aliyepiga ni Mkenya mmoja, fundi wa viyoyozi anayefanya kazi Rusayl, mtu asiye na desturi ya kunitafuta saa za kazi. "Bro, Mzee ametuacha," akasema. "Leo alfajiri." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mechi ni Jumamosi." Nilicheka, halafu nikalia, na msomaji ukinisamehe nitakueleza kwa nini hata marehemu mwenyewe angeanza kwa kucheka.

Mzee alikuwa jirani yangu Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, mhandisi wa maji aliyestaafu serikalini, mzaliwa wa Unguja aliyepelekwa Ireland kusoma akiwa kijana. Wenzake waliosoma Ulaya walirudi na shahada na suti. Yeye alirudi na shahada, skafu ya sufu, na mapenzi ya timu moja ya kaunti ndogo ya huko, inayocheza mpira wa Kiayalandi. Ulikuwa mchezo ambao mtaani petu hakuna aliyewahi kuusikia. Alitufundisha kwa balungi, siku hizo soko la matunda lilipokuwa bado Mawaleh na mabalungi yakija nyumbani kwa gunia. Mpira huu, alisema, unashikwa na unapigwa teke, ila ukikimbia nao shurti uudundishe au uuguse kwa mguu urudi mkononi. Ukiupitisha juu ya mwamba wa goli unapata moja, ukiutia wavuni unapata tatu. Hapo akalipiga teke balungi kuonyesha, likatua kwenye sinia ya halwa, na mkewe akatangaza kutoka ndani kwamba hiyo ilikuwa tatu.

Siku za mechi alikuwa na ada yake. Alivaa kanzu na kofia, juu yake ile skafu, kisha akateremsha kiyoyozi cha majlis, sebule yake ya wageni, mpaka mwisho. "Mpira huu hautazamwi kwa jasho," alisema. "Kule watu wanatetemeka, na nyie tetemekeni." Basi nje Maskati inaungua, ndani sisi tumejifunika mablanketi kama wagonjwa wa homa, vikombe vya kahawa vinagongana na meno. Ndivyo alivyomjua yule fundi. Kiyoyozi kilizimika katikati ya mchezo, akaitwa kuja kukitazama. "Mzee, hii AC unaiua," akamwambia, "weka hata twenti-fo." Akajibiwa, "Wewe itengeneze, yakhe, kisha ukae utazame." Alikaa. Toka siku hiyo Mkenya wa watu, anayekwenda kanisani Ijumaa asubuhi kwa kuwa huku Jumapili ni siku ya kazi, hakukosa mechi hata moja, na yeye ndiye aliyekuja kuwa mpiga kelele mkubwa kuliko sote.

Msimu huu timu ilianza vibaya. Ilifungwa katika kombe la jimbo, tena ilikuwa ikiongoza. Sisi tuliolelewa na mpira wa mtoano tunajua maana yake: ukifungwa, funga virago. Mzee alizima televisheni, akasema amechoka, akaingia ndani. Roho zilituuma. Kesho yake tukapigiana simu, na baada ya Asri tukaenda kumhani, maana sisi watu wa azaa, wa kukaa msibani na wafiwa, hatujui njia nyingine ya kumwendea mtu aliyevunjika moyo. Mmoja alibeba halwa, mwingine birika la kahawa, fundi akaja na sare yake ya kazi. Tuliingia kwa utulivu, tukampa mkono mmoja mmoja. "Makiwa." Naye, uso umeinama, akajibu, "Yameshapita, ahsanteni." Tukakaa. Tukanywa. Halwa ikazunguka, ikaisha. Ndipo akatutazama na kuuliza:

"Hebu nambieni, kwani kafa nani?"

"Si timu, ami," nikamjibu.

"Timu imekufa? Nani kakwambieni? Kule ukifungwa mara moja huzikwi. Kuna njia ya pili, wenyewe wanaita mlango wa nyuma. Wiki mbili tunacheza tena."

"Sasa mbona umetuacha tuhani mpaka mwisho?" fundi akauliza.

"Halwa ilikuwa nzuri," akasema, na majlis nzima ikalipuka kwa kicheko, na mkewe ndani akicheka kuliko sisi. Tulipotulia alijifuta machozi akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Nna jambo moja tu namwomba Mungu. Niwaone wamefika uwanja mkubwa wa Dublin. Toka nilipokuwa mwanafunzi hawajafika." Hatukujua kwamba daktari alikwisha mwambia moyo wake umechoka.

Nimeifikiria sana azaa ile ya uongo. Siku hizi Maskati tunahani kwa simu. Habari inaingia kwenye kundi, tunatuma viganja viwili vilivyoinuliwa, anayefuata ananakili dua ya aliyemtangulia, na kabla maiti hajafika makaburini tumeshahamia kwenye picha za harusi. Siwalaumu watu. Barabara ni ndefu na kazi hazimwachii mtu nafasi. Lakini ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo, na sisi siku ile tuliinuka tukaenda kwa ajili ya huzuni ambayo hata hatukuielewa vizuri. Mzee naye hakutuzuia mlangoni, kwa sababu alijua kilichokuja na ile halwa. Nadhani hakuwahi kufurahi kama alivyofurahi siku tuliyomhani bure.

Timu ikapita mlango wa nyuma. Ikashinda mechi moja kwa pointi ya dakika za mwisho, ikashinda ya pili kwa raha zake. Ikabaki moja, na atakayeshinda hiyo anakwenda Dublin. Ilipangwa Jumamosi jioni. Yeye akatutoka Alhamisi.

Tulimzika siku ile ile, na Jumamosi ikawa siku ya mwisho ya azaa. Baada ya Magharibi wageni walitawanyika, tukabaki majirani wachache katika majlis yake, televisheni imefunikwa shuka. Kila mtu alijua ni saa ngapi, na hakuna aliyethubutu kuitazama saa. Mara mlango wa ndani ukafunguka kidogo, binti yake akasukuma furushi kubwa, mlango ukarudishwa. Yalikuwa mablanketi.

"Mnakaa bure kwa nini?" Ilikuwa sauti ya mkewe nyuma ya mlango. "Mie nimo edani, siwezi kutoka. Tazameni, na mniambie kwa sauti nisikie."

Fundi aliinuka, akateremsha kiyoyozi mpaka mwisho. Nikaondoa shuka. Na kuanzia hapo, nakuapia, nyumba ile ya msiba iligeuka uwanja. Fundi alisimama karibu na mlango kama mtangazaji wa redio. "Moja, mama! Moja tena! Mama, tumeweka tatu!" Na kutoka ndani, "Goli?" "Goli, wallahi!" akajibu yule Mkristo, na akina mama waliokaa naye ndani wakapiga makofi, kisha wakakumbushana walipo. Tulitetemeka, tukacheka, tukalia, bila kujua kipi kinatokana na baridi.

Tulifungwa kwa pointi moja.

Fundi aliutazama mlango. Halafu mjane mwenyewe akauliza kutoka ndani, "Wametoka?"

"Wametoka, mama," fundi akasema. Na kwa kuwa hakujua aseme nini zaidi, akasema neno alilofundishwa katika majlis ile ile: "Makiwa."

Tulisikia pumzi ikivutwa. Kisha tukasikia kicheko, kidogo kwanza, halafu kile kile chake cha siku ya halwa. Binti yake aliniambia baadaye kwamba mama yake hakuwa amecheka toka Alhamisi.

"Yameshapita," alijibu. "Na mlango wa nyuma?"

"Safari hii hakuna, mama."

"Basi mwakani. Hayo mablanketi yakunjeni vizuri, mtayataka."

Tukayakunja, wanaume wazima, pembe kwa pembe. Nami nimebaki na hili la kukuachia, msomaji: jirani yako akifungwa, nenda. Usikae kwanza kupima kama msiba wenyewe ni wa kweli. Ukiwa wa kweli, utakuwa umefika. Usipokuwa wa kweli, halwa italiwa.