Tulivyomhukumu Mke wa Kwenye Muvi

Euphrasia, mke wa Nkwabi, alikuwa amekubali. Naanza na hilo ili mtu asije akasema alikuwa mkaidi tangu mwanzo.

Mumewe alitoka hapa kwetu Maganzo almasi zilipokuwa haba, akaenda Geita kwenye dhahabu. Masika ya mwaka juzi duara likatitia, yaani lile shimo lao la kuchimbia, watu wanane wakiwa chini. Sita walitolewa. Nkwabi na mwenzake hawakuonekana, na siku ya kumi na moja ikasemwa basi, udongo bado unameguka, wasije wakafa na waokoaji.

Euphrasia hakukaa msiba. Alisema asiyeonekana hajafa. Akaendelea kuuza michembe yake kando ya barabara, vile viazi vitamu vya kukausha, na kila basi la kutoka Mwanza likisimama aliinuka kutazama wanaoshuka. Meza yangu ya nyanya iko karibu na yake. Nilimwona akiinuka hivyo mwaka mzima na zaidi.

Mwaka huu mama mkwe wake alikuja kutoka Samuye, akakaa naye siku tatu. Alimwambia kwa upole kwamba amezeeka, anataka naye aone kaburi la mwanawe kabla hajaingia lake. Watachimba kule nyumbani Samuye, watalaza nguo zake, katekista atasali, matanga yaanuliwe. Euphrasia alilia kutwa nzima, kisha akasema ndiyo. Jumamosi angepeleka shati na suruali alivyofungia ndoa Nkwabi. Tulimshukuru Mungu.

Jumapili kabla ya Jumamosi hiyo, tulipotoka jumuiya, tulipita kwa Mama Blessing mwenye televisheni. Alikuwa na muvi ya nje iliyotafsiriwa, ile mtafsiri anapozungumza juu ya sauti zao na kutia utani wake. Mwanajeshi amepotea vitani, mkewe analetewa barua kwamba amekufa, baadaye anaolewa na rafiki wa mumewe. Siku moja mume anasimama mlangoni na mkongojo.

Basi, muvi ilipokwisha kila mtu akawa hakimu. Mmoja akasema yule rafiki ndiye aliyeandika barua, macho yake tu yanaonyesha. Mama Blessing alimwonea huruma mume, akamgeukia yule mke wa kwenye muvi.

"Kaniki ya msiba haijachuja, mwenzetu keshavaa vitenge vya harusi," akasema, tukacheka.

Euphrasia alikuwa mkekani karibu na mlango, anamenya karanga. Akauliza taratibu, "Lakini si aliletewa barua?"

"Barua si maiti," Mama Blessing akamjibu.

Na mimi, ninayesoma masomo kanisani, nikaongeza neno langu. Nikasema, "Mke mwema hungoja. Mungu hachoki kurudisha watu." Nilikuwa namsema yule mwanamke wa kwenye muvi. Mungu anisamehe, kwamba kuna mke mwingine mle ndani nilisahau kabisa. Nikaenda zangu kupika.

Jumamosi tukaenda Samuye. Shemeji zake walikuwa wamechimba tangu alfajiri, na katekista alikuwa amefika. Tukangoja. Mama mkwe aliketi karibu na shimo, akimuuliza kila anayeingia kama amempita mkwewe njiani. Saa tisa mchana katekista akaaga. Jioni wakalifunika kaburi kwa matawi ya miiba, ng'ombe wasije wakatumbukia.

Wiki mbili baadaye tukasikia Euphrasia yuko Geita. Nikapanda basi. Nilimkuta na wanawake wanaogonga mawe ya dhahabu, amekonda, mikono imepasuka. Shati la Nkwabi lilikuwa limefuliwa, limeanikwa juu ya kichaka.

"Shikamoo, mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa Kisukuma, mama.

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Nikamwambia mama mkwe hali chakula vizuri, na kaburi bado liko wazi. Akaendelea kugonga mawe.

"Ile ilikuwa muvi tu, mwanangu."

"Najua ilikuwa muvi," akasema. "Lakini nyie, mayu, hamkuwa mnaigiza."

Nikamwomba basi anipeleke mahali penyewe. Tukatembea mpaka pale duara lilipokuwa. Pamebaki bonde dogo, majani yameota, mbuzi wa mtu wanakula. Nikapiga magoti, naye akapiga kando yangu. Nikaanza sala ya marehemu, nikasema sehemu yangu, nikanyamaza ili aitikie. Hiyo sala anaijua tangu utotoni.

Hakuitikia. Nikaanza tena, polepole zaidi. Akaniwekea mkono begani.

"Hiyo bado, mayu," akasema. "Tusali ile ya wasafiri."

Ningesemaje? Mimi ndiye niliyemwambia mke mwema hungoja. Tukasali ya wasafiri.