Vidonge Ndani ya Wimbi

Mtu akiniambia kwamba ugonjwa uko kichwani tu, na kwamba anayetaka kupona hupona, damu hunichemka. Sibishani naye siku hizi. Nainuka, natafuta kazi ya mikono, maana nikibaki hapo nitamtukana bure.

Miaka ya sabini ilipokuwa bado michanga, mama yangu alishikwa na kifua kikuu. Tulikuwa wakulima wa chai na ndizi upande wa Itumbe. Alilazwa hospitalini Kisii miezi miwili, akachomwa sindano kila siku, kisha akarudishwa nyumbani na mfuko wa vidonge. Aliambiwa ameze mwaka mzima na zaidi bila kuruka hata siku moja. Mimi ndimi kifungua mimba wake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani nikichuma chai.

Kilimani kwetu kulikuwa na kikundi cha maombi cha wanawake, kilichokutana kila Jumatano alasiri. Kiongozi wao, mjane mwenye sauti nzuri ajabu, alifundisha kwamba mgonjwa anayeutaja ugonjwa wake anauvutia kiti. Kwetu hilo halikuwa geni. Hata kabla ya dini wazee wetu waliogopa kijicho, na ukimuuliza mtu habari za afya yake alizunguka weee hadi ukasahau ulichouliza. Yule mjane aliuchukua woga huo wa zamani akauita imani. Ulitakiwa usimame mbele ya wenzako na kusema, "Nimepona," hata kama kifua kinakoroma. Ukishasema, kurudi hospitalini ni kumfanya Mungu mwongo.

Mama akasimama, akasema. Akaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba vidonge amevitupa chooni. Vigelegele vilipigwa nyumba ikatetemeka. Aliyelia kwa furaha kuliko wote ni mama mdogo, mke wa ndugu yake baba. Yeye pia alikuwa na kifua kikuu, na alitibiwa hospitali ileile.

Vidonge havikuwa chooni. Vilikuwa ndani ya chungu cha unga wa wimbi, jikoni kwetu. Nilimwona akivimeza asubuhi ya Jumatano ileile, na nilimwona akivimeza kesho yake. Nilipomuuliza, hakuona hata haya.

"Nameza ili baba yako aache kelele," alisema. "Aliyeniponya ni mwingine."

Vilipoisha, nikatumwa mimi, maana yeye asingeweza kuonekana kwenye njia ya hospitali. Nilipeleka ndizi soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, na nilipomaliza kuuza nikapitia hospitalini na kadi yake. Tabibu alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mpole lakini si mjinga.

"Mwenye hii kadi ako wapi?" aliniuliza. "Mwambie akuje mwenyewe apimwe."

"Hawezi kutembea, daktari. Barabara iko na matope mingi."

Wakati huo mama alikuwa shambani anachuma chai huku akiimba. Nilivifunga vidonge alivyonipa ndani ya fulana ya mitumba, nikarudi navyo nyumbani. Nilifanya hivyo mwezi baada ya mwezi.

Sasa niseme ukweli wote, hata ule usionipendeza. Tangu siku aliyotamka kwamba amepona, mama alibadilika. Kabla ya hapo alikuwa anameza dawa huku amegeukia ukuta, chakula hagusi, anakonda tu. Baada ya pale alikula, alicheka, alianza tena kututania. Sijui dawa peke yake ingemfanyia nini mtu aliyekwisha kukata tamaa. Moyo una kazi yake katika kupona, hilo nalikubali kwa sababu nililiona. Kinachonikasirisha ni kwamba yeye alitumia vyote viwili, akamwonyesha mwenzake kimoja.

Mama mdogo alitupa vyake kwelikweli. Alivimwaga mbele ya kikundi kizima, akavikanyaga kwa kisigino. Majuma machache aling'aa. Alipanda kilima na kikapu cha chai mgongoni bila kupumzika. Halafu kikohozi kikarudi, kikaja na damu. Mumewe alikuwa ameajiriwa shamba la ng'ombe wa maziwa Nyansiongo na hakuja nyumbani ila mara moja moja, na kila alipokuja aliambiwa, "Nimepona."

Nilimwendea mama. "Mwambie mama mdogo kwamba wewe bado unameza."

"Nikimwambia, nitakuwa nani hapa kilimani?"

"Atakufa, mama."

"Basi aamini zaidi. Na wewe ukifungua huo mdomo, ugonjwa utanirudia. Utakuwa umeniua kwa ulimi wako."

Hakuwa akinitisha tu. Aliamini kabisa. Na mimi, pumbavu wee, niliamini kidogo, kidogo kinachotosha kunifunga mdomo. Niliogopa kumpoteza wangu, nikaacha wa wengine aende. Nimejikasirikia kwa hilo tangu siku hizo, na sioni nikichoka.

Mara ya mwisho nilimpelekea mama mdogo uji mchana, jua likiwa kali. Alikuwa amelala kwenye ngozi nje ya nyumba, mifupa mitupu. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Wewe unakaa na mama yako," alisema. "Niambie, mwanangu. Anapoamka asubuhi, huwa anafikiria nini? Nimejaribu kufikiria kama yeye. Nasema nimepona, nasema, nasema, lakini haishiki. Nakosea wapi?"

Jibu lilikuwa kwenye chungu, hatua mia moja kutoka pale.

"Anaomba tu, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeonyeshwa kosa lake. Akaniachia mkono, akafumba macho, akaanza kumwomba Mungu amsamehe kwa ugumu wa moyo wake. Alikufa Ijumaa ya juma lilelile, akiamini kwamba kosa lilikuwa lake.