Mkono Ulioshusha Mapigo ya Hassan

Nyinyi vijana mnaosoma visa kwenye simu mkicheka, hiki msikicheke. Nilikiona kwa macho yangu, mchana kweupe, hapa nyumbani kwetu kando ya barabara ya Garissa kwenda Dadaab. Umri wangu si wa kusema uongo, kaburi naliogopa.

Mwanangu Hassan ana sukari. Daktari alimwambia afanye mazoezi, akanunua baiskeli na saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Shule mimi sikuiona sana, lakini namba nazijua, nimeuza maziwa sokoni. Alinieleza hivi: akikanyaga kwa nguvu, mapigo yanafika mia na sitini. Akisimama, anaitazama saa kwa dakika moja. Yakishuka haraka, mwili umepata nguvu. Yakichelewa, bado.

"Hooyo, leo yameshuka ishirini!" alikuwa akiniambia kila akirudi. Hooyo kwetu ni mama.

"Wenzako wanahesabu ngamia," namwambia, "wewe wahesabu moyo."

Siku hiyo alirudi baada ya adhuhuri, jua linachoma mpaka mbuzi wamejificha. Nyuma yake akaingia mwanamume mwingine juu ya baiskeli, mrefu, simjui. Nikamsalimu, hakuitikia. Nikamletea maziwa, hakuyatazama. Na niaminini: usoni hakuwa na tone la jasho. Nani anaendesha baiskeli kwenye jua lile asitoke jasho?

"Unahema kama mbuzi aliyeona kisu," akamwambia Hassan. "Lete mkono nikupoze."

Hassan akacheka, akampa. Nilikuwa karibu, saa naiona. Mia na hamsini. Mia na kumi. Themanini. Hata dakika haijaisha.

"Hooyo, tazama! Wallahi sijawahi kushuka hivi!"

Alikuwa anafurahi, mnaelewa? Sitini. Arobaini na tano. Mtoto wangu anafurahi, na midomo yake inageuka rangi ya majivu. Yule mgeni naye, jasho likaanza kumtoka kwenye paji. Mshipa wa shingo yake, uliokuwa umelala kimya, ukaanza kurukaruka.

Thelathini na moja. Hassan akapiga magoti, bado anatabasamu.

Sikungoja. Nilisoma Ayatul Kursiy kwa sauti, nikaupiga mkono ule kwa fimbo ya kuchungia mpaka ukaachia. Mgeni akanitazama akihema, vile vile mwanangu alivyokuwa akihema, akapanda baiskeli akaenda. Nilitoka kutazama njia. Mchangani palikuwa na alama za baiskeli moja tu, ya Hassan, zinazoingia. Za mgeni kutoka hazikuwepo.

Hassan yu hai, alhamdulillahi. Lakini pale aliposhikwa pana baridi mpaka leo. Mkewe hupafunga kitambaa. Na akanyage baiskeli namna gani, mapigo hayapiti tisini. Daktari alisema labda saa ni mbovu. Akanunua nyingine, ikasema yale yale. Marafiki zake wanamsifu kwamba amekomaa. Mimi simsifu. Msidhani kila namba ndogo ni afya. Maiti ana ndogo kuliko nyinyi nyote.

Hapa kwangu nimeamuru: anayerudi akihema apite moja kwa moja ndani, akae katikati ya watu wake, na mkono wake asimpe mtu yeyote mpaka moyo utulie wenyewe.